Kabla ya kupewa ubao

Shangazi yangu ana kovu kwenye mkono wa kulia. Linaanza juu kidogo ya kifundo cha mkono, linapanda kwa upande wa nje na kuishia karibu na kiwiko, jembamba, limenyooka kama mstari wa rula. Watu wasiomjua hudhani ni la kisu. Ni la uzi wa kaiti, lile tanga la angani linalomvuta mtu majini akiwa juu ya ubao, na aliyeishika kaiti siku ile ni mimi.

Nimezaliwa Paje, kusini mashariki ya Unguja, na kazi yangu ni kufundisha kaiti papo hapo pwani kwetu. Kila msimu linarudi lile swali: anayeanza alazimishwe kusoma kwanza, au aachiwe ajifunze mwenyewe? Vijana wenzangu wengi wanasema aachiwe. Wanauliza, sisi nani alitufundisha kuogelea? Mimi nami niliwahi kusema hivyo hivyo, tena kwa sauti kubwa. Siku hizi nasema alazimishwe, na sisemi kwa kuwa ndiyo riziki yangu. Nasema kwa sababu ya ule mkono.

Mtoto wa pwani ya mashariki hakui bila kuujua upepo. Juni mpaka Septemba ni kusi, Disemba hadi mwanzoni mwa Machi ni kaskazi, na pepo zote mbili kwetu zinaingia mshazari, kutoka baharini kuja nchi kavu. Babu yangu alikuwa mvuvi wa ngalawa, na alinipandisha chomboni kabla sijaanza skuli. Neno la kwanza alilonifunza ni "legeza". Dharuba ikipiga usishindane nayo, legeza kamba ya tanga, upepo upite zake. Na nchi kavu tulikuwa na tiara zetu za mifuko ya plastiki na njiti za makuti, tukizirusha mpaka magharibi. Kwa hiyo wageni walipoanza kuja na kaiti zao, sisi hatukuona kitu kigeni. Tuliona tiara kubwa.

Hapo ndipo tulipokosea, na kosa lenyewe lilitoka kwenye ujuzi wetu, si kwenye ujinga. Tiara unairushaje? Mwenzio anaichukua, anakwenda kusimama kule upepo unakoelekea, anakuangalia uso kwa uso, anainyanyua, nawe unavuta uzi. Inapanda moja kwa moja. Kaiti ukiirusha vile umejiua, maana pale katikati, mbele ya upepo, ndipo penye nguvu yake yote. Kaiti hurushwa kutoka ubavuni, pembeni kabisa mwa upepo, ikapanda taratibu kwenye ukingo mpaka ikasimama juu ya kichwa chako, mahali ambapo haina pupa. Hili ni jambo la dakika tano kumweleza mtu, lakini lazima awepo wa kulieleza.

Nilikuwa kidato cha pili. Nilikuwa nikiwasaidia wageni kukunja kaiti na kuzipiga pampu, napata chochote cha kununulia madaftari. Mgeni mmoja alipokuwa anarudi kwao aliniachia kaiti yake ya zamani, imezibwa viraka viwili, pamoja na baa yake, kile kijiti cha kushikia. Nililala nayo chumbani kwa furaha. Baadaye sana ndipo nilipojua ilikuwa kaiti ya namna gani. Kaiti ya kujaza hewa ilibuniwa na ndugu wawili wa Kifaransa, Bruno na Dominique Legaignoux, walioiombea hataza mwaka 1984. Lakini ilichukua muda mrefu, mpaka karibu mwaka 2005, kuanza kuenea zile za umbo la upinde, ambazo ukiisukuma baa mbali nawe nguvu inakwisha karibu yote. Yangu ilikuwa ya kabla ya hapo. Ilikuwa inajua kuvuta tu. Na ndizo hizo hizo, za kale na zilizochoka, zinazoishia mikononi mwa watoto wa kijijini, kwa sababu nzuri hakuna anayeiacha.

Ilikuwa Agosti, siku za bamvua, maji yanapojaa na kupwa kupita kawaida. Maji yalikuwa yamekupwa mbali kabisa tangu asubuhi, na kwenye saa tano yakaanza kurudi. Kina mama walikuwa bado kwenye mwani. Mwani uliletwa kwetu Paje na kwa jirani zetu wa Jambiani mwaka 1989, kabla sijazaliwa, na tangu hapo wanawake wa pwani hii wana mashamba ndani ya maji: safu za vigingi, kamba zimevutwa baina yake, na kila kamba ina vishada vya mwani vilivyofungwa kwa taitai, vile vikamba vyembamba. Wakati wa bamvua wana saa chache tu kila siku za kufunga na kuvuna kabla maji hayajajaa. Wanafanya kazi wameinama, au wamekaa kabisa ndani ya maji, kanga zimeloa mpaka kifuani. Ukiwa umesimama ufukweni unaweza usiwaone. Unaona maji na vijiti.

Rafiki yangu alikwenda kusimama kule upepo unakoelekea, kama kwenye tiara. Akainyanyua.

Sikumbuki kupaa. Nakumbuka mchanga ukinipiga kifuani na vigingi vikinipita ubavuni, kimoja baada ya kingine, na kamba za mwani zikikatika miguuni mwangu. Hatua arubaini, labda hamsini. Kaiti ilianguka majini mbele, nikadhani imekwisha, kisha ikageuka ikapanda tena, na nyuzi zikafagia juu ya shamba. Mwanamke mmoja alikuwa ameinua mkono kuukinga uso. Nilisikia sauti yake kabla sijajua ni nani.

Alishonwa nyuzi tisa kituo cha afya. Jeraha halikuruhusu maji ya chumvi, kwa hiyo bamvua mbili zilimpita hajatia mguu pwani. Kwa mtu anayevuna kila baada ya wiki sita hivi, bamvua mbili si kitu kidogo. Mwani usiofunguliwa kwa wakati wake unakatika na kwenda na maji. Mama yangu na majirani walimvunia walichoweza baada ya kumaliza chao.

Jioni ya siku ya pili baba alinichukua kwenda kumtaka radhi. Tulimkuta amekaa barazani, mkono umefungwa kitambaa cheupe. Nikamwamkia, "Shikamoo shangazi." Akaitika. Baba akasema aliyokuja kusema. Shangazi akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akanigeukia mimi.

"Mwanangu, mbona hukupiga kelele?"

"Sikukuona, shangazi."

"Ulikuwa unaangalia wapi?"

"Juu," nikamwambia. "Nilikuwa naangalia kaiti."

Akatikisa kichwa, hakusema zaidi. Nimefundisha watu wengi tangu hapo, kutoka nchi nyingi, na wote siku ya kwanza wanafanya vile vile. Macho juu. Hakuna anayeanza anayeangalia mbele yake, kwa sababu kile kitu kilicho angani kinamtisha na kumvutia kwa pamoja. Mpaka mtu afunzwe kuihisi kaiti kwa mikono bila kuitazama, yeye ni kipofu kwa kila kilicho mbele yake. Ndiyo maana sikubaliani na wanaosema mtu akitaka kujihatarisha ni shauri lake. Lingekuwa shauri lake kama bahari ingekuwa yake peke yake.

Miaka miwili sikuigusa kaiti. Aliyenirudisha ni mwalimu mmoja aliyekubali kunifundisha bure ili nami nimbebee vifaa msimu mzima. Nilifika siku ya kwanza nimejiandaa kwa maji. Akanikalisha chini kwenye mchanga, hakuna ubao, hakuna kaiti, ni mkanda wa kiunoni na baa tu. Akanionyesha kifyatuo cha dharura, kile ambacho ukikisukuma kaiti inaachia nguvu yote na kubaki imening'inia kwa uzi mmoja. Akaniambia nikifyatue. Nikafyatua. Nikirudishie. Nikakirudishia. Tena. Mara ya kumi akaniambia nifumbe macho. Kisha, nikiwa nimefumba, akanivuta ghafla kwa mbele, kwa nguvu zake zote.

Mikono yangu miwili iliikamata baa na kuivutia kifuani.

"Umeona?" akaniuliza. "Umeshaiongezea kaiti nguvu."

Nimelifikiria lile tukio kuliko jambo lolote jengine katika kazi hii. Mimi ni mjukuu wa nahodha. Neno "legeza" nimenyonya nalo. Nilijua kwa akili kwamba upepo ukizidi unaachia. Lakini mkono ukishtuka hukaza, hauulizi akili, na kwenye kaiti kukaza ndiko kunakokumaliza: ukiivuta baa kwako kaiti inashika upepo zaidi, inakuvuta zaidi, unaogopa zaidi, unakaza zaidi. Siku ile Agosti nilikuwa na kifyatuo kiunoni, cha zamani na kigumu, lakini kilikuwepo. Wala sikukikumbuka. Kujua ni kitu kimoja, na mkono kuzoea ni kitu chengine, na wa pili hauji kwa kusoma maandishi wala kutazama video kwenye simu. Unakuja kwa kurudia mbele ya mtu anayekutazama.

Na upepo wenyewe unadanganya. Mtu anaona umetoka kilomita 20 kwa saa ukafika 30, anasema umeongezeka nusu. Nguvu haiendi hivyo. Kasi ikizidi mara moja na nusu, mvuto unazidi zaidi ya mara mbili. Kaiti iliyokuwa inakubembeleza saa nne inaweza kukunyanyua saa sita, ukubwa wake ni ule ule, nawe ni yule yule. Kaiti yenyewe nayo ikipiga mbizi inajiongezea upepo wake. Na zile nyuzi nne, za mita ishirini na kitu, nyembamba kuliko njiti ya kiberiti, kila mmoja unabeba zaidi ya kilo 200 bila kukatika. Kwa hiyo hazikatiki. Kinachokatika ni kile zinachokutana nacho.

Upepo wetu una rehema moja, kwamba hauwapeleki watu kilindini. Lakini unawaleta kwenye minazi na kuta. Niliwahi kumwona mgeni aliyekuja na vifaa vipya kabisa, amejifunza mwenyewe ziwani kwao, akakataa hata kumsikiliza kijana aliyetaka kumwonyesha pa kurushia. Alirushia karibu mno na nyumba, maji yakiwa yamejaa na ufukwe umebaki kipande chembamba. Ukuta wa mawe ya matumbawe ulimvunja bega na mbavu. Alikuwa mtu mzima, mwenye adabu, na alilia kama mtoto. Sikufurahi hata kidogo kwamba niliona linakuja.

Ukitaka kujua anayeanza ni hatari kwa nani, tazama anakokwenda. Hawezi kubisha, yaani kwenda kuukabili upepo. Anayejua anaweza kwenda joshi, kule upepo unakotoka, na kurudi alipoanzia. Anayeanza kila dakika anasukumwa demani, kule upepo unakoelekea, na mwisho wa somo anatoka majini amebeba kaiti anatembea kurudi, mara nyengine nusu saa. Huko demani kuna nini? Kuna waogeleaji, kuna ngalawa zilizotiwa nanga, kuna mwani. Maji yakijaa vigingi vinazama, hata anayejua havioni. Mwalimu anayeijua pwani hampeleki mwanafunzi mahali penye shamba demani yake. Asiye na mwalimu hajui hata kuwa hilo ni la kuuliza.

Wapo wanaonipinga kwa hoja nzito, na nawaheshimu. Wanasema wachezaji bora wa Paje ni vijana waliojifunza wenyewe, kwa kutazama na kuazimana. Ni kweli. Nawajua, nimekua nao, na wengine sasa ni walimu wazuri kuliko mimi. Lakini mimi nawajua pia walioacha, na nawajua walioumia, na hao hawapo ufukweni kutoa ushahidi.

Hoja ya pili inaniuma zaidi. Mafunzo ya kuanza ni siku tatu au nne, na bei yake kwa mgeni ni mamia ya dola. Mtoto wa mvuvi atayatoa wapi? Ukiweka amri ya kusoma halafu ukakaa kimya juu ya bei, umewafungia bahari wale wale waliozaliwa nayo, na umewaachia wageni. Hilo silikubali. Kama ni lazima kusoma, basi ni lazima vilevile kila anayefanya biashara ya kaiti kwenye pwani ya kijiji awafunze vijana wa kijiji kile bila malipo, idadi maalumu kila msimu, wakubaliane mbele ya sheha na watu wa mwani wakiwepo kwenye kikao. Wasikae wenye skuli na wenye hoteli peke yao wakapanga mambo ya maji.

Na ninaposema lazima, simaanishi askari apite pwani kuuliza watu vyeti. Cheti chenyewe hakinitoshi. Wanakuja watu na kadi za kimataifa, zinasema wanajitegemea, kumbe walisoma miaka mitano iliyopita na hawajagusa kaiti tena. Lazima ninayoitaka iko kwa yule anayeitoa kaiti: anayekodisha, anayeuza, hata anayemwachia mtoto zawadi siku ya kuondoka. Asitoe mpaka amwone kwa macho mtu huyo akifyatua bila kuangalia. Amwone akiirusha kutoka ubavuni na kuishusha. Amwone akijiokoa: anafyatua, anakunja nyuzi kwenye baa bila kujifunga, anaifikia kaiti, anaishika ncha na kuifanya tanga limrudishe pwani. Amwone akijiburuta majini bila ubao, mkono mmoja umenyooshwa ndani ya maji uwe mkuku, akielekea joshi na si kusombwa tu. Amuulize, ukikutana na mwenzio nani anapandisha kaiti na nani anashusha? Wa joshi anapandisha, wa demani anashusha. Asiyejua atazifunga nyuzi zake na za mwenzake katikati ya maji, wawili wakazama kwa kosa la mmoja.

Hayo yote ni kabla ya ubao. Wanafunzi wengi wanadhani kaiti ni kusimama juu ya ubao, na nawaelewa, maana ndicho kinachoonekana kwenye picha. Anayejua yale mengine na hajawahi kusimama juu ya ubao hata mara moja, mimi namhesabu yuko salama. Anayesimama na kwenda vizuri lakini hajui kujiokoa, huyo ndiye wavuvi wetu huacha nyavu zao kumfuata nje karibu na mwamba, nguvu zikiwa zimemwishia. Wavuvi huenda. Hawajawahi kukataa, na sijawahi kumsikia hata mmoja akidai malipo. Lakini samaki wa siku ile harudi.

Shangazi bado analima mwani. Mkono unamuuma baridi ikishuka, na vidole viwili havikunji vizuri, kwa hiyo fundo la taitai analikaza kwa meno. Hajawahi kunikataza kazi hii. Mwaka niliopata ruhusa ya kufundisha nilikwenda kumwambia yeye kabla ya mama, akaniombea dua, kisha akaniuliza kama hao wanafunzi wangu nao watakuwa wanaangalia juu.

Kwa hiyo Jumamosi, nikiwa na watoto wa kijijini, nina zoezi ambalo sikulikuta kwenye kitabu chochote cha walimu. Kabla ya kaiti kunyanyuliwa, mwanafunzi anasimama upepo ukimpiga mgongoni na kunitajia kila kitu anachokiona demani yake, kwa sauti, mpaka aishiwe. Wiki iliyopita alikuwa mtoto wa miaka kumi na minne, mjukuu wa jirani yetu, ana hamu ya ubao mpaka hawezi kutulia. Kusi lilikuwa zuri, maji ya magoti.

"Naona ngalawa mbili," akasema. "Naona kigingi chenye kitambaa chekundu. Naona mabibi wawili na mapolo yao ya mwani. Basi."

"Angalia tena."

Akaangalia. Akaweka mkono juu ya macho kukinga jua, akakaa kimya muda mrefu kidogo.

"Na bibi mmoja amekaa ndani ya maji," akasema. "Pale nyuma ya polo. Ameinama."

"Basi tunangoja," nikamwambia. Tukaiweka kaiti chini, tukaitia mchanga isiondoke, tukakaa.